Kati ya Paluku na Kasereka

Niseme wazi tangu mwanzo: mimi, Luc Muyisa, niko mutu wa haraka. Radio ikifika mbele yangu, ninaifungua hata mwenyewe hajamaliza kusema inaumwa nini. Basi musishangae mukisikia kwamba siku ile, mu atelier yetu hapa Kimemi, mu Butembo, kidole changu kilibakia kidogo tu kiharibu kazi ya mutu ya miaka kumi na moja. Na mutu mwenyewe alishakufa, hata kugombana na mimi hangeweza. Mama Florentine ndiye alinizuia, na ni habari yake ninataka kuwapatia.

Tunagawana naye nyumba moja ya mabati. Mimi niko upande wa mulango na maradio yangu na matelefone, yeye iko ndani na ba-ordinateur, zile kompyuta. Iko na miaka makumi ine na saba. Alizaliwa upande wa Lubero, kwa balimaji, akaja Butembo kupiga mashini ya kuandika mu secrétariat moja: barua za batu, makaratasi ya kuuzisha kiwanja, mialiko ya ndoa. Siku bosi wake alileta ordinateur ya kwanza, alifukuza badactylo wenzake batatu akabakisha yeye peke yake, juu ndiye tu hakuogopa kuifungua mugongo. Masomo yake ni ile. Université anaipitiaka njiani tu, akienda soko.

Kazi iliyomupatia jina ni kuweka système mbili mu ordinateur moja ya zamani. Système ni ile programu kubwa inayoamusha ordinateur na kuiongoza. Batu benyi hapa biko na mashini zilizozeeka, ziko na programu inayokubali tu Windows ya zamani, na mwenyewe anataka pia kitu kipya. Anunue ingine na nini? Basi anakuja kwa mama Florentine. Yeye anaweka Windows ya zamani ya kwanza, na Linux, système ingine ya bure, nyuma yake. Ukigeuza ile mupango umekwisha, juu Windows ikiingia ya nyuma inafanya sawa mupangaji mubaya: inabadilisha kofuli, mwenzake anabakia inje.

Mais iko na tabia moja iliyonitesaka. Mbele ya kugusa disque ya mutu, pale ordinateur inaweka bitu byake, anaichora kwanza. Anatoa cahier, anachora kisanduku kirefu, anakikata vipande na rula, na kila kipande anaandika jina yake, ukubwa yake, na nini iko mule. Mukiliya anangoja, jua inakimbia, panneau ya jua inamaliza nguvu, naye anapima!

"Mama Florentine," nilimwambia siku moja, "tunatengeneza ba-ordinateur ao tunafundisha géométrie?"

"Wewe Luc, tengeneza ile radio yako inayolia sawa chura," akanijibu, hata macho hakuinua.

Na kweli ilikuwa inalia sawa chura. Nikarudia kuifungua.

Bon. Siku ya kwanza ya juma moja, Jumatatu, asubuhi, taksi ya Beni ikashusha mama mumoja mbele ya mulango wetu. Alikuwa ameshika ordinateur ya meza, imefungwa ndani ya kikwembe, na sakoshi mu bega.

"Salaam aleikum."

"Aleikum salaam, mama. Karibu, kaa," mama Florentine akasema, akamupatia kiti chake mwenyewe.

Jina yake Yasmine. Bwana yake, Jamali, alikuwa na mashini ya broderie kule Beni, ile ambayo sindano yake inashona yenyewe na ordinateur ndiyo inaiambia ipite wapi. Alipamba kofia na kanzu za Baislamu, akapamba nguo za mapadri za misa, akashona alama za masomo mu nguo za banafunzi. Michoro yote ilikuwa mu ile ordinateur, ya miaka kumi na moja. Mwaka jana Jamali akafa na ugonjwa wa figo.

"Tangu pale kazi imebakia kwangu," Yasmine akasema. "Shemeji yangu Idi, mwenye lori, akanionea huruma. Akapeleka ordinateur kwa technicien mumoja aweke Windows mupya, nikuwe ninapokea mifano ya bakiliya mu telefone. Imerudia na écran ya muzuri sana kuangalia. Mais mashini haiisikie tena, na michoro haiko. Technicien anasema hakukuwa kitu mule."

"Na shemeji anasema nini?" mama Florentine akauliza.

"Anasema mashini bila michoro ni chuma. Amepata mununuzi, Mbusa wa Kanyabayonga. Atakuja Posho, ndiyo Jumamosi, na gari. Michoro ikirudia mbele ya ile siku, mashini inabakia. Isiporudia inaenda, na mimi na batoto tunahamia kwa shemeji."

Alisema vile bila kulia. Mimi nikahesabu na vidole. Siku tano tu zilibakia!

Mama Florentine akatoka kutafuta cahier yake. Mimi nani, nikae kungoja cahier? Nikaunganisha ile ordinateur, nikaingiza clé yetu ya Linux, ile flash inayoamusha mashini bila kugusa kitu ndani, nikaangalia disque. Kipande cha kwanza kilikuwa na jina PALUKU: mule ndimo Windows mupya iliwekwa, juu ya ile ya zamani. Nyuma yake nafasi kubwa ya wazi, rangi ya majivu, imeandikwa tu « espace libre ». Kisha kipande cha mwisho, KASEREKA: miziki, picha za ndoa, basi. Nilifungua kila kitu. Muchoro hata mumoja, hapana.

"Mama, michoro haiko," nikamwambia Yasmine.

Akachukua kikwembe chake akakikunja mara mbili, akakikunja tena, akakiweka juu ya magoti. Ile ilinikasirisha, siyo juu yake, juu ya dunia. Nikasema ndani ya roho, aka, nimusaidie hata kidogo: niweke Windows ya zamani mu ile nafasi ya wazi, mashini itembee, Mbusa ailipe bei ya mashini nzima. Nafasi iko pale, bure, hakuna mwenye nayo. Nikaandika ukubwa, nikafika kwenye kitufe « Créer », maana yake unda. Ilibakia kubonyeza.

"Luc! Toa kidole!"

Mama Florentine alikuwa nyuma yangu na cahier wazi, alishachora mule vile vipande vya écran. Sauti ile sikuwahi kuisikia kwake.

"Ni nini tena? Mi ninasaidia!"

"Toa, nimesema. Mama Yasmine, ni nani aliitengenezaka hii ordinateur mara ya kwanza?"

"Ni rafiki ya Jamali, Lusenge, mutu wa huku Butembo. Alishahamia Kampala."

"Lusenge. Donc Muyira, Munande sawa sisi." Akaanza kucheka, pole pole. Akaweka cahier chini ya pua yangu. "Soma."

"Paluku. Wazi. Kasereka."

"Soma tena."

"Nisome mara ngapi? Paluku, wazi, Kasere..."

Pale ndipo nilisikia mwenyewe ninachosema. Haya ikanipanda mpaka mu masikio.

Mutu ambaye si Munande nimuelezee. Kwetu jina ya mutoto haiombe kufikiri. Mwanaume wa kwanza ni Paluku, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka, wa ine Kakule. Mimi mwenyewe niko Kakule. Kambale wa kwetu sikumuona, surua ilimuchukua akiwa na miezi munane. Mais ndugu aliyemufuata hakupewa nafasi yake, aliitwa Kasereka. Mpaka leo mama yangu akihesabu batoto wake anaanza: Paluku, Kambale... Na ukiuliza mwanaume yeyote wa nyumba yetu tulizaliwa bangapi, atakujibu ine. Ndiyo mimi, Kakule, mutoto wa ule mama, nilisoma Paluku na Kasereka, na katikati yao nikasema hakuna mutu!

Yasmine alikuwa anatuangalia sawa batu balevi. Yeye si Munande, baba bazee bake balitoka Maniema.

"Jamani, munisemeshe na mimi!"

"Mama," Florentine akamwambia, akichuchumaa mbele yake, "kama kuko Paluku na kuko Kasereka, Kambale alizaliwa. Lusenge hawezi kuruka jina, hata akiwa usingizini. Pale katikati kulikuwa kipande cha pili, na ninafikiri kilikuwa cha Linux. Windows haijue kusoma kipande cha Linux. Technicien wenu ameona kitu hakisomeke, akasema ni bure, akakifuta."

"Amekifuta? Basi imekwisha."

"Hapana. Amefuta mupaka tu. Bile biko mu shamba bingali mule, kama hakuna mutu amelima juu." Akanigeukia. "Na mutu mumoja alikuwa tayari na jembe."

Nilistahili.

Yasmine akashika mudomo na mukono. Akasema kweli, kila siku ya tano, Ijumaa, akitoka musikiti, Jamali alikuwa anafungua ordinateur, na mbele iamuke, maandishi meupe yalikuwa yanapita mbio juu ya écran nyeusi, naye alikuwa anabonyeza kitu haraka. Pale alikuwa anaweka michoro mahali anapoita salama, mbali na viruse ya maclé za bakiliya. Yeye Yasmine alikuwa anaacha maandishi yapite.

Asubuhi ya siku ya pili kazi ikaanza. Kwanza mama Florentine akanakili disque nzima juu ya disque ingine, hata ile nafasi ya wazi, ili tukikosea tukosee juu ya copie. Kisha akaanzisha programu inayosoma disque tangu mwanzo mpaka mwisho na kutafuta mipaka iliyofutwa. Ile programu haina haraka. Asilimia mbili. Asilimia tatu. Nilikuwa ninaenda kuangalia kila dakika, mpaka mama Florentine akaniuliza kama nimepanda maharagwe mule.

Saa sita Yasmine akaomba mahali pa kusali. Nikasogeza maradio, nikafagia kona, nikatundika rido, pazia ya kumuficha. Alikuwa angali mule courant, umeme, ikakatika. Bila shaka! Batri ya mama Florentine ikashika, mais ilikuwa imechoka, ikaanza kulia pi-pi-pi. Nikatoka mbio kwa jirani anayechaji matelefone, nikachukua batri yake kubwa.

"Lete hapa, mwizi!"

"Nitakueleza kesho!"

Nikaibeba mu mabega, nzito sawa gunia ya simenti. Tuliunganisha waya ile pi-pi-pi ikiwa ya mwisho.

Saa tisa, mustari ukatokea. Mustari mumoja, mweupe, katikati ya mingine. Jina: KAMBALE.

Nilipiga kelele mpaka bamama ba maandazi bakaingia kuona nani amekufa. "Hakuna, hakuna aliyekufa!" nilikuwa ninawaambia, na machozi ilikuwa inanitoka, sifiche. Mama Florentine hakupiga kelele. Alifungua Kambale, mule kulikuwa Linux ya zamani ya Lusenge na kartabo moja, folda inayoitwa « michoro ». Akahesabu: mia ine na kumi na mbili. Akageuza écran upande wa Yasmine. Yasmine akapitisha kidole juu ya picha moja moja, misalaba, maua, nyota, majani, akisema tu: "Ile. Na ile. Ee, na ile."

"Wasingya, Nyamuhanga," mama Florentine akasema kwa Kinande, akashukuru Mungu, kisha akafunga cahier na akatafuta chai.

Siku ya tatu na ya ine tulitengeneza nyumba upya. Windows ile mupya tukaitoa mu Paluku, tukarudisha ya zamani na CD ya broderie iliyokuwa mu sakoshi ya Yasmine. Internet haitaingia mule kamwe. Mu Kambale, nyuma yake, mama Florentine akaweka Linux mupya, nyepesi, juu ile ordinateur iko na giga moja tu ya mémoire. Humo michoro ingekaa salama, na programu ya bure ya kuchora. Kasereka akabakia uwanja wa bote, mahali bale babili banapatianaka bitu. Na liste inayotokea ukiwasha, mama Florentine akaikataza kukimbia: inangoja mpaka uchague. Akaiandika Kiswahili. « Paluku: kushona ». « Kambale: kuchora ».

Yasmine alilala kwa mama Florentine, Vulamba. Muchana alikuwa mu kiti yetu, anawasha, anazima, anachagua. Siku ya ine jioni nilimukuta anachora peke yake, na souris, ile panya ya ordinateur, ulimi umetoka kidogo upande. Nikasema moyoni, kweli mama Florentine anajua kufundisha.

Posho asubuhi tukapanda taksi ya Beni, sisi batatu, ordinateur juu ya magoti ya Yasmine. Mimi hakuna aliyeniita. Nilifunga mulango wa atelier nikaingia tu.

Gari ya Mbusa ilikuwa imeshafika kwa Yasmine. Yeye mwenyewe alisimama mu uwanja, mwanaume munene mwenye adabu, kamba na bâche ya kufunika mizigo mu mukono. Idi akatupokea, kanzu nyeupe, akatuletea viti. Siwezi kumusema mubaya.

"Mama Florentine, nimesikia mulipata michoro, Mungu abariki mikono yenu," akasema. "Mais niseme ukweli mbele ya batu bote. Michoro ya marehemu itatosha mwaka moja, miaka mbili. Bakiliya banataka mupya. Nani atachora? Nimuache shemeji wangu na batoto na mashini inayokufa pole pole? Nikiuza leo, ninabajengea nyumba mu kiwanja changu. Nimeshamupatia mwenzangu neno."

Nikatazama mama Florentine, nikingoja amujibu. Yeye akamusukumia Yasmine kiti.

Yasmine akakaa. Akaunganisha cable ya mashini, akawasha. Liste ikatokea, na yeye akachagua Kambale. Kambale! Kumbe kushona ni Paluku! Nikafungua kinywa, mama Florentine akanifinya mu mbavu mpaka nikaona nyota. Yasmine akaingia mu Kambale, akatafuta muchoro mumoja, akautuma mu Kasereka, uwanja wa bote. Akazima. Akawasha tena. Paluku. Programu ya broderie ikafunguka, muchoro ukaonekana mule. Akanyoosha kitambaa cheupe mu fremu, akapitisha uzi wa kijani, akabonyeza.

Sindano ikashuka. Taka-taka-taka-taka. Mbusa akainama kuangalia. Juu ya kitambaa kukaanza kutokea tawi la kahawa, majani yake, punje zake nyekundu mbili mbili. Yasmine alibadilisha uzi bila kuuliza mutu. Mimi ninajua mashini, ninawaambia, na mikono ile haikuwa ya mutu aliyefundishwa siku mbili.

"Hii sijawahi kuiona," Idi akasema. "Ni ya Jamali?"

"Ni yangu. Nimeichora juzi kwa mama Florentine."

"Wewe?"

"Mu ile mia ine na kumi na mbili, mia tatu na kitu ni zangu. Nilikuwa ninachora mu karatasi batoto bakilala, Jamali anaziingiza mu ordinateur. Kuingiza ndiyo sikuwa ninajua. Sasa ninajua."

Mashini ikaendelea kushona. Mbusa akaanza kukunja kamba yake mu kiwiko, pole pole, akamwambia Idi kwa sauti ya chini kwamba asijali, gari haitarudi tupu, atatafuta mbao za kupakia. Mimi nilikuwa ninaangalia chini. Siku tano nzima huyu mama alikaa metre mbili na mimi, na nilimuhesabu kama mukiliya tu wa ordinateur.

Idi alikuja kusimama karibu naye, mukono juu ya kiti.

"Shemeji," akasema, na sauti yake ilikuwa imevunjika, "miaka kumi na moja. Vipi mi sikujua?"

Yasmine hakutoa macho ku sindano.

"Haukuniulizaka," akasema. "Sogea kidogo, unaniziba mwangaza."